Tashtiti ya Kirumi: nani aliizaa, na kwa nini mashahidi hawaelewani

*"Shikamoo Mwalimu. Nipo mwaka wa pili, nasoma fasihi, na nimepewa insha juu ya chimbuko la tashtiti, yaani utungo wa kudhihaki na kukosoa, katika ushairi. Kitabu kimoja nilichosoma kinasema neno lenyewe la Ulaya, *satire*, limetokana na wale viumbe wa hadithi za Kigiriki, nusu mtu nusu mbuzi, kwa hiyo asili ya tashtiti ni Ugiriki. Mhadhiri wetu naye alisema darasani kwamba Warumi waliidai kuwa ni yao peke yao. Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja anacheka tu. Anasema Aristophanes, mtunzi wa michezo ya kuchekesha, alikuwa akiwaumbua wakubwa wa Athens jukwaani zamani hizo Roma haijapata mshairi hata mmoja. Juzi tena nimekuta maelezo ya mwanahistoria Livius kwamba ilianza kama mchezo wa jukwaani wakati wa tauni. Nimechanganyikiwa. Nimwamini nani? Na nikiandika kwamba Ennius ndiye baba wa tashtiti, nitakuwa nimekosea?"*

Marahaba, mwanangu. Hujachanganyikiwa wewe, waliochanganya mambo ni hao waliokusimulia, na mmoja wao, nitakuonyesha, alichanganya kwa makusudi.

Naona hofu yako ni kwamba lipo jibu moja sahihi lililofichwa mahali, na wewe umelikosa. Halipo. Yapo maswali kadhaa yanayovaa jina moja: neno lilitoka wapi, aina hii ya shairi ilianza mkononi mwa nani, na desturi ya watu kusemana kwa mashairi ina umri gani. Kitabu chako kinajibu la kwanza, tena kinalijibu vibaya. Mhadhiri wako anajibu la pili. Mwenzako wa chumbani anajibu la tatu. Hao wawili wa mwisho wanaweza wote kuwa sahihi bila kugombana.

Tuanze na mbuzi, kwa sababu huyo anaondoka upesi. Ugiriki ilikuwa na michezo ya masatiri, hao hao nusu mtu nusu mbuzi, kweli. Kwenye sikukuu ya Dionysus mjini Athens, mshairi alileta tanzia tatu, kisha akafunga kwa mchezo wa kuchekesha wenye kundi la masatiri, walevi na waoga, wakiruka ruka ndani ya kisa cha miungu na mashujaa. Mmoja tu umetufikia mzima, *Cyclops* wa Euripides. Usome siku moja, ni mfupi. Utaona haumsemi mtu yeyote aliyekuwa hai Athens; unachezea hadithi za kale. Kwa hiyo hata kimaudhui haukaribiani na tashtiti ya Kirumi. Na kwa upande wa neno, Warumi waliita mashairi yao *satura*, neno la Kilatini kabisa lenye maana ya kitu kilichojaa, kilichoshiba, kilichochanganywa.

Kosa la kitabu chako, hata hivyo, ni la kizee. Diomedes, mwanasarufi wa karne ya 4 BK, alitoa maelezo manne ya neno hili na masatiri akawaweka mwanzoni. Baadaye wanakili wakazoea kuandika *satyra*, na washairi wa Ulaya wakaamini kwamba shairi la namna hii lazima liwe na lugha ya kukwaruza, chafu kidogo, kama mnyama wa porini. Mpaka mwaka 1605 msomi Isaac Casaubon alipochapisha Paris kitabu kizima cha kutenganisha mchezo wa masatiri wa Wagiriki na shairi la Warumi. Tangu hapo wataalamu hawabishani tena juu ya mbuzi. Vitabu vya shule ndivyo vinavyochelewa.

Maelezo mengine matatu ya Diomedes yanapendeza zaidi. La kwanza ni sahani iliyojazwa malimbuko ya kila aina na kupelekwa kwa miungu. La pili ni chakula cha kujaziwa, ambacho Varro, msomi wa Kirumi, alikitolea hata mapishi: zabibu kavu, shayiri, mbegu za msonobari, vyote vikanyunyiziwa divai yenye asali. La tatu ni sheria iliyofungasha mambo mengi yasiyohusiana ili yapigiwe kura kwa mkupuo, ujanja uliopigwa marufuku Roma mwaka 98 KK. Chagua unachotaka kati ya sahani, mapishi na sheria. Mimi sichagui, maana yote yanakupeleka kwenye mchanganyiko. Hata Juvenalis, mtunzi wa tashtiti aliyekuja miaka 250 na zaidi baada ya Ennius, alikiita kitabu chake malisho mchanganyiko ya ng'ombe: lolote watendalo watu, alisema, hofu, hasira, anasa, mbio zao za huku na huku, ndilo linalokijaza kitabu changu.

Sasa Ennius wako. Alizaliwa Rudiae, kusini mwa Italia, mwaka 239 KK, akafa 169. Alikuwa akisema ana mioyo mitatu kwa kuwa alijua lugha tatu: Kigiriki, Kioski (lugha ya watu wa kusini mwa Italia) na Kilatini. Ndiye aliyeandika *Annales*, utendi wa historia ya Roma, na ndani yake akaingiza kwa Kilatini heksamita, ule mstari wa vipande sita alioutumia Homer. Uishike hiyo heksamita, tutarudi kwake. Kando ya kazi hiyo kubwa aliandika vitabu vya *saturae*, na mfafanuzi wa kale Porphyrio anahesabu vinne. Kilichobaki leo ni mistari michache sana iliyonukuliwa na wengine, haifiki arobaini.

Mna nini humo? Mna ngano. Mwandishi wa Kirumi Aulus Gellius anatusimulia moja kwa urefu: ndege mwenye kishungi ametaga shambani katikati ya nafaka, makinda bado hayajaota mbawa. Mwenye shamba anamwambia mwanawe, nafaka imekomaa, kesho tuwaite rafiki watusaidie kuvuna. Makinda yanaogopa, mama anayatuliza, hakuna haraka. Rafiki hawaji. Mwenye shamba anasema basi tuwaite ndugu. Mama tena anasema tulieni. Ndugu nao hawaji. Siku mwenye shamba aliposema, "Leta mundu mbili, kesho tutavuna mimi na wewe," mama ndege akawaambia wanawe, sasa tuhame. Na Ennius akafunga kwa mistari inayosema, kwa ufupi, usiwangojee rafiki kwa jambo unaloweza kulitenda mwenyewe. Mahali pengine aliwaleta Kifo na Uhai wakibishana. Mahali pengine tena anajisema mwenyewe: hatungi mashairi ila jongo likimkamata.

Umeona kilichokosekana? Hakuna aliyetajwa jina akavuliwa nguo. Kuna mafunzo, mzaha, mzungumzaji anayejitaja, mizani ya aina nyingi. Diomedes mwenyewe aliliona hilo: anasema zamani *satura* lilikuwa shairi lililokusanya tungo mbalimbali, kama walivyoandika Pacuvius na Ennius, na sasa ni shairi la kusengenya na kukosoa maovu ya watu. (Pacuvius alikuwa mpwa wa Ennius, tashtiti zake zimepotea zote.) Kati ya "zamani" na "sasa" ya Diomedes kuna mtu mmoja aliyegeuza mambo, na huyo ndiye insha yako inapaswa kumpa nafasi kubwa.

Gaius Lucilius alitoka Suessa Aurunca, mpakani mwa Latium na Campania. Alifariki mwishoni mwa karne ya 2 KK akiwa ameacha vitabu 30. Tunayo mistari kama 1,300, mingi ikiwa vipande vya mstari mmoja mmoja, na namna ilivyotufikia inapasa kukutia tahadhari. Sehemu kubwa imehifadhiwa na Nonius Marcellus, mwanasarufi wa Afrika ya Kaskazini aliyekusanya kamusi ya maneno adimu ya Kilatini karne nyingi baadaye. Nonius alinukuu mstari kwa sababu una neno la ajabu, si kwa sababu ni mzuri wala kwa sababu ni muhimu. Hebu fikiri mshairi mkubwa wa leo abaki kwa mistari tu yenye misamiati migumu! Kwa hiyo ukiona Lucilius anaonekana mkwaruzo na mwenye maneno ya mitaani, kumbuka ni nani aliyetuchagulia.

Vitabu vyake vya mwanzo kabisa kuandikwa vina namba 26 hadi 30, kwa sababu mpangilio wa baadaye ulifuata mizani. Fuatilia mizani hiyo, maana humo unaliona jambo lenyewe likizaliwa. Katika 26 na 27 anatumia mizani ya jukwaani, ile ambayo Warumi waliizoea midomoni mwa wachekeshaji. Katika 28 na 29 anachanganya. Katika 30 anahamia heksamita, na kuanzia hapo kazi zake kubwa zinabaki humo. (Usitafute vina katika Kilatini, havimo, na mizani yao si hesabu ya silabi kama yetu bali mpangilio wa silabi ndefu na fupi.) Heksamita ilikuwa sauti ya vita na miungu, sauti ya *Annales*. Lucilius akaipakia karamu, malaya, madeni, tahajia za maneno, mpambano wa wapiganaji watumwa, safari ya Sicily yenye barabara mbovu. Mwanzoni mwa kitabu cha 1 akaitisha baraza la miungu, kama Ennius alivyofanya kwenye utendi wake kwa ajili ya Romulus, lakini baraza la Lucilius linajadili maovu ya Roma na nini afanyiwe Lentulus Lupus, kiongozi wa seneti aliyekuwa amefariki muda si mrefu. Kicheko kiko ndani ya mizani yenyewe kabla hujafika kwenye matusi. Baada yake Horatius, Persius na Juvenalis waliandika tashtiti zao kwa heksamita, na ndiyo sababu nasema utanzu una tarehe ya kuzaliwa ambayo dhihaka kwa jumla haina.

Jambo la pili alilolileta ni "mimi". Mchekeshaji wa jukwaani anavaa barakoa ya mhusika. Mtunzi wa tendi anajificha nyuma ya Mungu wa sanaa. Lucilius anazungumza kwa jina lake. Katika kitabu cha 26 anasema, kwa maana: niwe mkusanya kodi wa Asia, mtoza ada za malisho, badala ya kuwa Lucilius? Hilo silitaki. Horatius, ambaye vitabu vya Kiingereza humwita Horace, alisema Lucilius alivikabidhi vitabu vyake siri zake kama mtu anavyowakabidhi rafiki waaminifu, mambo yakiwa mazuri au mabaya, hata maisha yote ya mzee yule yakawa wazi kama picha ya nadhiri iliyotundikwa hekaluni. Na wasomaji aliwachagua: Cicero, msemaji mashuhuri wa Roma, anatuambia hakutaka kusomwa na wasiojua kitu wala na wajuzi kupita kiasi.

Na jambo la tatu, hilo ulilolitarajia tangu mwanzo, ni majina. Mfano ninaoupenda ni wa Titus Albucius, Mrumi aliyependa mno kuonekana Mgiriki. Liwali Scaevola alipokuwa akipita Athens akamkuta huko, akamsalimu hadharani kwa Kigiriki, *chaere*, na msafara mzima ukaitikia: walinzi, askari, kila mtu, "*chaere*, Titus!" Kuanzia hapo Albucius akawa adui yake, na Scaevola aliporudi Roma, mwaka 119 KK, akamshtaki kwa ubadhirifu jimboni. Lucilius aliitia kesi hiyo katika kitabu cha 2, na Cicero akainukuu salamu ile. Watu wa aina ya Albucius unawajua, hata kwenu chuoni wamo.

Hapa kuna dhana ninayotaka uiache kabla hujaiandika: kwamba tashtiti ya Kirumi ilianza kama sauti ya mnyonge dhidi ya mkubwa. Ingekuwa hivyo ningefurahi. Sheria za Mbao Kumi na Mbili, sheria za kale za Roma za mwaka 451 na 450 KK, ziliweka adhabu ya kifo kwa anayetunga au kuimba wimbo wa kumvunjia mtu heshima. Mshairi Naevius, mtu asiye wa tabaka la juu, aliwagusa wakubwa wa ukoo wa Metelli, na mapokeo yanasema alifungwa, kisha akafia Utica, barani Afrika. Lucilius aligusa wakubwa kuliko hao na akafa kitandani na heshima zake. Tofauti ni nini? Alikuwa tajiri wa daraja la farasi, tabaka lililofuata lile la maseneta, ukoo wake ndio aliotoka mama yake Pompeius Mkuu, na alipigana Numantia, Hispania, chini ya jemadari Scipio Aemilianus, rafiki yake. Wengi aliowashambulia walikuwa mahasimu wa Scipio. Horatius anasema aliwakamata wakuu wa taifa na taifa zima kabila kwa kabila, na ni kweli, ila aliwakamata akiwa amesimama nyuma ya ukuta mnene.

Cha kuchekesha ni kwamba yeye mwenyewe hakupenda kusemwa. Mtu mmoja alimtaja kwa jina jukwaani akamtukana. Lucilius akaenda mahakamani. Hakimu Caelius akamwachia huru mshtakiwa. Mshairi Accius alipotukanwa vilevile, hakimu mwingine akamtia hatiani mtukanaji. Ndivyo sheria ilivyokuwa ikiyumba.

Twende kwa mwenzako na Aristophanes. Anachosema ni kweli tupu: katika karne ya 5 KK wachekeshaji wa Athens walimtaja Cleon na Socrates mbele ya umma, na kabla yao Archilochus alikuwa ameshachoma watu kwa beti za iambo. Kama tashtiti ni kumdhihaki mtu kwa shairi, Warumi hawakubuni kitu. Na mwenzako ana shahidi mzito: Horatius anafungua shairi la nne la kitabu chake cha kwanza kwa kuwataja Eupolis, Cratinus na Aristophanes, kisha anasema Lucilius anawategemea hao kwa kila kitu, kabadilisha mizani tu.

Lakini sasa soma shairi la kumi la kitabu hichohicho. Humo Horatius anazungumzia aina ya shairi ambayo Wagiriki hawakuigusa, na Lucilius anamwita mbunifu wake. Kitabu kimoja, mtu mmoja, na kauli mbili ambazo mwenzako na mhadhiri wako wanaweza kurushiana hadi alfajiri. Huyu ndiye niliyesema alichanganya kwa makusudi. Tazama alikuwa katika hali gani. Ni mwana wa mtumwa aliyeachwa huru. Alipigana Philippi mwaka 42 KK upande ulioshindwa, akarudi nyumbani mali imekwenda, akapata kazi ya ukarani hazina, kisha akapokewa na Maecenas, mtu wa karibu wa Octavianus, ambaye baadaye alikuwa Augusto. Kitabu hicho kilitoka kama mwaka 35 KK, vita vya wenyewe kwa wenyewe bado havijaisha. Mtu wa namna hiyo hawezi kuwataja makonsuli kwa majina kama Lucilius. Basi anaupa utanzu ukoo wa heshima kutoka Athens, ambako kumtaja mwizi kwa jina ilikuwa huduma kwa mji. Halafu anamlaumu Lucilius kwa uzembe, eti alitunga mistari mia mbili kwa saa akisimama kwa mguu mmoja, akitiririka na matope. Na mwisho anajitengea nafasi yake mwenyewe, ya kuzungumza kwa upole na kucheka kidogo. Huo ni utetezi wa mtu anayetafuta pa kusimama. Katika kitabu cha 2 anafanya hata mzaha wa sheria: wakili Trebatius anamwonya juu ya adhabu ya mashairi mabaya, naye anamjibu, je, kama ni mazuri? Usimnukuu Horatius kama shahidi asiye na upande.

Kauli ya mhadhiri wako imetoka kwa Quintilianus, mwalimu wa ufasaha aliyeandika mwishoni mwa karne ya 1 BK: *satura quidem tota nostra est*, tashtiti yote ni yetu. Ukiisoma peke yake inasikika kama majigambo. Irudishe mahali pake. Quintilianus anampangia mwanafunzi wa ufasaha orodha ya kusoma, Wagiriki kwanza halafu Warumi, tanzu kwa tanzu, akilinganisha. Kwenye elegia anasema tunashindana na Wagiriki. Akifika kwenye tashtiti hana Mgiriki wa kumweka upande wa pili, kwa maana ya mkusanyo wa mashairi ya mazungumzo, ya mtu kwa sauti yake, juu ya lolote. Kwa maana hiyo yuko sahihi. Hajasema Wagiriki hawakujua kucheka. Mara baada ya hapo anataja aina nyingine, ya Varro, iliyochanganya nathari na ushairi, na ile ina babu wa Kigiriki anayejulikana, Menippus wa Gadara. Mada yako ni ya ushairi, kwa hiyo mtaje Varro kwa sentensi moja na uendelee.

Livius anabaki. Anasema mwaka 364 KK Roma ilipigwa na tauni, wakaletwa wachezaji kutoka Etruria kuituliza miungu, vijana wa Kirumi wakaiga wakaongeza beti za kutaniana, ikazaliwa michezo ya nyimbo aliyoiita *saturae*, hadi mshairi Livius Andronicus (si mwanahistoria huyu) alipoleta mchezo wenye kisa. Simulizi tamu, lakini aliiandika zaidi ya miaka 300 baadaye, na imepangwa hatua kwa hatua kama Wagiriki walivyokuwa wakieleza asili ya tamthilia zao. Mimi naichukulia kuwa nadharia ya msomi wa kale zaidi ya kumbukumbu ya tukio. Hakuna mstari hata mmoja wa michezo hiyo uliobaki, na Ennius hakuandika kwa ajili ya jukwaa hilo. Itaje, ionyeshe udhaifu wake, usijenge hoja juu yake.

Chini ya simulizi hiyo, lakini, kuna kitu cha kweli. Warumi walikuwa na beti za Fescennini, za matusi ya kupokezana, zilizoimbwa wakati wa mavuno na harusini, na walikuwa na nyimbo za askari kwenye gwaride la ushindi. Mwaka 46 KK askari wa Caesar walipita barabarani wakiwaimbia wenyeji wawafungie wake zao, tunamleta mzinzi mwenye kipara, na Caesar alikuwa mbele yao kwenye gari la farasi. Kwa msomaji wa kwetu halihitaji maelezo marefu: ni utani, wenye siku yake na watu wake, na anayetaniwa akikasirika ndiye aliyekosa adabu. Horatius anadai utani huo ulivuka mipaka hadi ikabidi sheria iuzuie. Sikiliza vizuri: hizo beti si tashtiti, na hakuna mstari unaounganisha Fescennini na kitabu cha 26 cha Lucilius. Ila zinaeleza kwa nini sikio la Mrumi lilikuwa tayari kusikia mtu akitajwa kwa jina katika shairi.

Kwa hiyo swali lako la mwisho. Ukiandika "Ennius ndiye baba wa tashtiti" ukaacha hapo, msahihishaji mkali atakukata maksi, na atakuwa na haki, kwa sababu Horatius na Quintilianus wote wawili wanampa Lucilius heshima hiyo. Ukiandika kwamba Ennius ndiye wa kwanza tunayemjua kuwa na mkusanyo wa mashairi mchanganyiko unaoitwa *saturae*, na kwamba Lucilius ndiye aliyeupa utanzu heksamita, nafsi ya mtunzi na meno, hakuna atakayekugusa. Unaweza pia kuchagua njia ngumu zaidi, ya kutetea kwamba Ennius alishakuwa na ile "mimi" katika mstari wa jongo, na kwamba Lucilius aliikuza tu. Hoja hiyo inatetewa na watu makini. Ushahidi wake ni mwembamba, basi uiseme kwa sauti ya chini. Persius na Juvenalis waguse kidogo mwishoni, si wa mwanzo. Ila kumbuka Juvenalis alivyomaliza tashtiti yake ya kwanza kwa kuahidi kuwasema wafu tu, wale waliozikwa kando ya barabara za Flaminia na Latina. Baada ya Lucilius hakuna aliyekuwa tena na ukuta ule.

Kuna mambo ambayo barua haiwezi kukusaidia. Usinukuu kipande cha Lucilius kwa namba uliyoikuta kwenye mtandao: msomi Friedrich Marx (si Karl) aliyahesabu mabaki hayo kwa namna yake mwanzoni mwa karne ya 20, Warmington akayahesabu upya mwaka 1938, na namba hazilingani. Nenda kwa mhadhiri wako, muulize anatumia toleo la nani, na muulize pia anataka "chimbuko" kwa maana ya jina, ya utanzu au ya desturi; nusu ya wanaofeli swali hili hujibu lile lisiloulizwa. Kama hajui Kilatini, hapo mjini hakosi padri aliyekisoma seminarini, na wengi wao hufurahi sana kuulizwa kitu kisicho cha misa. Mpelekee mistari minane ya kwanza ya lile shairi la nne la Horatius, umwombe akuonyeshe neno kwa neno nini hasa Lucilius anasemekana kukichukua Athens na nini alikibadilisha. Nusu saa inatosha. Aya yako ya kwanza iandike baada ya hapo, si kabla.